Miaka 12 Mbele ya Jukwaa: Uzoefu Wangu wa Kuziona Bendi za Roki ya Indie

Onyesho lililonifundisha mengi kuliko yote lilikuwa onyesho baya, ingawa hakuna aliyekosea noti hata moja. Bendi niliyoipenda tangu ujana wangu ilipanda jukwaani kwa saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, ikapiga albamu yake maarufu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio uleule na kasi ileile, na hata zile sekunde za ukimya baina ya wimbo na wimbo zilikuwa kama zilivyo kwenye santuri. Watu walishangilia, nami nikashangilia pamoja nao, lakini nilipokuwa nikitoka nje nilijiona kama mtu aliyelipia kitu ambacho tayari anacho kabatini. Tangu usiku huo, na sasa imepita miaka 12, nimeacha kulipima onyesho kwa namna linavyofanana na albamu. Hulipima kwa namna linavyothubutu kuachana nayo.

Kipimo hicho ndicho kilichonifanya niiweke Yo La Tengo juu ya bendi nyingine zote nilizowahi kuziona. Ni watu watatu tu, yaani Ira Kaplan, mkewe Georgia Hubley, na James McNew, na bendi yenyewe iliundwa mwaka 1984 huko Hoboken, New Jersey. Usiku nilipowaona waliligawa onyesho lao sehemu mbili. Katika ile ya kwanza walipiga kwa sauti ya chini kiasi kwamba aliyekohoa nyuma ya ukumbi alisikika hadi mbele, na katika ya pili waliziachia amplifaya, yaani vikuza sauti vya magitaa, zingurume mpaka kuta zikatetemeka. Wimbo mmoja niliokuwa nikiujua kwa ghibu kuwa ni kelele tupu ulikuja katika ile sehemu ya kwanza ukiwa umevuliwa kila pambo, umebakiwa na gitaa moja, brashi zinazopapasa ngoma na sauti mbili zinazonong'ona, nami sikuutambua mpaka walipofika ubeti wa pili. Nilisimama pale nimeduwaa. Hawa ndio watu ambao mwaka 2011 walizunguka na gurudumu la bahati nasibu, wakimwita mtu mmoja kutoka miongoni mwa watazamaji alizungushe ili liamue sehemu ya kwanza ya onyesho itakuwa ya namna gani. Ndio hao pia ambao tangu mwaka 2001, katika miaka mingi, wamekuwa wakipiga siku nane mfululizo za sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukka, na orodha ya nyimbo ya usiku mmoja si ya usiku unaofuata.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini natarajia uthubutu huu wa kuachana na albamu kutoka kwa bendi za indie na si kwa nyota wakubwa wa pop. Jibu langu ni la kiufundi zaidi kuliko la kimapenzi. Neno indie lilitokana na lebo ndogo zilizojitegemea, yaani kampuni za kutoa muziki, kama vile Dischord ya Washington iliyoanza mwaka 1980, au Merge, ambayo Mac McCaughan na Laura Ballance wa bendi ya Superchunk waliianzisha mwaka 1989, na bendi zilizokulia katika lebo hizo zilisafiri kwa gari dogo pamoja na vyombo vyao, bila wachezaji wa kusindikiza wala skrini kubwa. Katika onyesho la nyota mkubwa, taa, video na sauti zilizorekodiwa kabla huwa zimefungwa kwenye mapigo ya kompyuta moja, hivyo mwimbaji akitaka kurudia kiitikio mara mbili zaidi kwa sababu watu wamechangamka, hana nafasi hiyo. Watu wanne wanaotazamana usoni wanayo. Nakiri kwamba siku hizi baadhi ya bendi za indie nazo hubeba kompyuta jukwaani, na kila ninapomwona mpiga ngoma amevaa visikilizio masikioni huwa naingiwa na wasiwasi kidogo kwamba huenda anafuata mapigo ambayo wenzake hawawezi kuyabadilisha.

Asiyeamini kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na maisha mengi, namshauri asikilize hifadhi ya maonyesho ya Fugazi, bendi ya Washington iliyopiga zaidi ya maonyesho 1,000 kati ya mwaka 1987 na 2003 bila kuandika orodha ya nyimbo kabla ya kupanda jukwaani. Zaidi ya maonyesho 800 kati ya hayo yalirekodiwa, na hifadhi ilifunguliwa kwa umma mwaka 2011. Mimi sikubahatika kuwaona, na hilo bado linaniuma. Hata hivyo, nimewahi kutumia jioni nzima nikiufuatilia wimbo mmoja wao kutoka mwaka hadi mwaka, nikausikia ukipungua mwendo, ukiota utangulizi mpya, na mara moja ukikatizwa katikati kwa sababu watu walikuwa wakisukumana mbele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wengi wa muziki hulipuuza, nami nililipuuza kwa miaka kadhaa, yaani mahali pa kusimama. Katika ukumbi mdogo, sauti ya mwimbaji hutoka kwenye spika kubwa zilizo pande mbili za jukwaa, lakini ngoma zinajisikiza zenyewe, na gitaa linatoka moja kwa moja kwenye amplifaya iliyo nyuma ya mpigaji. Kwa hiyo anayepigania mstari wa mbele, akasimama mbele ya mpiga gitaa, atasikia gitaa hilo kwa ukamilifu wake wote na hatasikia neno hata moja la mashairi. Nimelipitia hilo nilipoiona bendi ya Dinosaur Jr., ambayo mwimbaji na mpiga gitaa wake, J Mascis, hupiga akiwa amezungukwa na minara ya amplifaya za Marshall inayompita kimo. Kwa nusu saa nilimwona akifungua na kufunga mdomo kama samaki, nami sijui anaimba nini. Nilipohamia nyuma, karibu na meza ya fundi wa sauti, ilikuwa kana kwamba mtu amefungua dirisha, kwani besi ya Lou Barlow ilijitenga na gitaa, ngoma za Murph zikapata umbo, na sauti ile ya uchovu ya Mascis ikaelea juu yake yote.

Sababu ni rahisi. Fundi huchanganya sauti kulingana na anachokisikia pale alipo, hivyo anayesimama hatua chache mbele yake husikia karibu kile ambacho fundi amekikusudia. Sauti za besi hujirundika kwenye pembe na kando ya kuta, na chini ya roshani sauti kali za juu hufifia, kwa hiyo maeneo hayo nayakwepa hata kama yana nafasi ya kuegemea. Kuna na jambo la pili ambalo limenifunza subira. Fundi hupima sauti alasiri, ukumbi ukiwa mtupu, lakini miili ya watu hunyonya sauti, hasa zile za juu, na ukumbi ukijaa hesabu zote hubadilika. Ndiyo maana nyimbo mbili au tatu za mwanzo mara nyingi husikika kama zimefunikwa blanketi, na ndiyo maana bendi yenye busara haiuweki wimbo wake bora mwanzoni. Sitoi hukumu yoyote kabla ya wimbo wa nne.

Kuhusu masikio, nitasema kwa uwazi kwa sababu nilichelewa kujifunza. Baada ya onyesho moja nililosimama kando ya spika, mlio mwembamba kama wa nyenje ulikaa masikioni mwangu kwa siku mbili, na ulipoondoka nilijua nimesamehewa. Kiwango kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kinataka wastani wa sauti katika kumbi usizidi desibeli 100 kwa kila kipindi cha dakika 15, ilhali katika mwongozo wa usalama kazini unaotumika Marekani, dakika 15 ndiyo muda wote unaoruhusiwa kwa siku nzima kwa sauti ya kiwango hicho, na onyesho huenda hadi saa moja na nusu. Bendi ya My Bloody Valentine, waliporudi jukwaani mwaka 2008, waligawa vizibo vya masikio mlangoni, kwa kuwa onyesho lao humalizika kwa ngurumo moja isiyo na wimbo ndani yake, inayoendelea kwa dakika nyingi. Vizibo vya sponji huua sauti za juu na kuacha besi ikivuma, na vilinifanya nichukie kuvaa kitu chochote, mpaka nilipopata vile vya wanamuziki vyenye kichujio, ambavyo hupunguza sauti zote kwa uwiano unaokaribiana. Navivaa kuanzia bendi ya utangulizi, na sijavisahau tena nyumbani.

Upande wa tiketi ndio unaoshusha alama za uzoefu huu wote. Nimewahi kuona bei moja kwenye ukurasa wa kwanza, kisha nikakutana na ada ya huduma, ada ya ukumbi na ada ya kutumiwa tiketi ambayo hakuna aliyeituma popote, kwani niliichapisha mwenyewe. Mbaya zaidi, nilinunua tiketi kutoka kwa mwuzaji wa mkono wa pili mtandaoni, nikafika mlangoni, na mashine ikalia kwamba tiketi hiyo imeshaingia ndani. Niliusikiliza wimbo wa kwanza nikiwa barabarani. Tangu hapo nanunua kupitia ukurasa wa bendi yenyewe tu, ambako wanaojiandikisha mara nyingi huuziwa mapema, na kama tiketi zimekwisha basi zimekwisha. Fedha ninayoiokoa naipeleka kwenye meza ya fulana na santuri, ingawa nako ni vizuri kujua kwamba baadhi ya kumbi hujikatia sehemu ya mauzo hayo.

Matamasha makubwa ya wazi nayapa nyota mbili kati ya tano. Bendi hupewa dakika 45, hupima sauti harakaharaka watu wakiwa wameshasimama mbele, na upepo hubeba sauti ya juu kuipeleka inakotaka. Yanafaa kwa kugundua majina mapya, hayafai kwa kuiona bendi unayoipenda.

Simu nazo ni mjadala ambao sitaumaliza hapa. Bendi ya Yeah Yeah Yeahs walibandika tangazo mwaka 2013 wakiwaomba watu wasilitazame onyesho kupitia kioo cha simu, na bendi ya Neutral Milk Hotel walikataza kabisa picha katika ziara yao ya kuungana tena. Mimi hupiga picha moja ya vyombo kabla ya bendi kuingia, kisha simu hurudi mfukoni. Kinachonikera zaidi ni ile tabia ya bendi kuaga, kujificha nyuma ya pazia dakika mbili huku kila mmoja akijua wimbo mkubwa bado haujapigwa, kisha kurudi kana kwamba wamebembelezwa.

Hata hivyo, usiku mmoja urejeo wa namna hiyo ulistahili. Ilikuwa kwa The National, bendi ya watu watano wenye asili ya Cincinnati, ndani yake mkiwa na jozi mbili za ndugu, ambao Mei 2013 waliupiga wimbo wao mmoja mfululizo kwa takriban saa sita katika jumba la sanaa la MoMA PS1 huko New York, wakishirikiana na msanii Ragnar Kjartansson. Kabla ya mwisho wa onyesho, mwimbaji wao, Matt Berninger, alishuka miongoni mwa watu na waya wake mrefu wa maikrofoni, nasi tukawa tunauinua juu ya vichwa vyetu ili usimnase mtu shingoni. Aliporudi juu, ndugu wawili wa bendi hiyo, akina Dessner, walichukua magitaa yasiyo na umeme, wote wakasogea ukingoni mwa jukwaa, spika zikanyamaza, na wimbo unaofunga albamu yao ya mwaka 2010 ukaimbwa na ukumbi mzima. Kutoka pale niliposimama, karibu na meza ya fundi, sikuweza kumsikia Berninger hata kidogo. Nilichosikia ni mwanamke aliyekuwa kulia kwangu, aliyekuwa akichelewa nusu pigo, na fundi mwenyewe, ambaye alikuwa ametoa mikono yake mezani na kuimba bila kuangalia chochote.

Nimeshanunua tiketi ya bendi nyingine kwa mwezi ujao. Albamu yao mpya ilitoka majuma machache yaliyopita, marafiki zangu wananitumia nyimbo zake kila siku, nami kwa mara ya kwanza nimeamua kutoisikiliza mpaka nitakapoingia ukumbini.