Uzoefu wangu na ule mchezo wa bodi wa maswali ya darasani: kadi ya Geita imenichefua

Naona walimu wengi wanaulizia huu mchezo wa bodi wa maswali, ule wenye kadi za kijani za mambo ya kwetu huku kanda ya ziwa na kadi za bluu za nadharia za ujifunzaji, sasa ngoja niseme ya moyoni kabla hasira haijapoa. Mambo ya bei sijui kadi ziko ngapi siyasemi, yote yapo kwenye boksi. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Mwanza, nafundisha saikolojia ya elimu, na huu mchezo nilinunua kwa hela yangu ya mfukoni wala sio ya chuo.

Kadi iliyonichefua ni ya kijani. Swali linasema, Wilaya ya Geita ipo mkoa gani? Chini yake kwa maandishi madogo yaliyogeuzwa juu chini kuna jibu: Mwanza. Jamani! Geita ni mkoa unaojitegemea tangu 2012, ulimegwa Mwanza, Chato ikatolewa Kagera, Bukombe ikatolewa Shinyanga, hata mtoto wa shule ya msingi pale Sengerema anajua. Na boksi ni jipya kabisa, bado lina nailoni.

Sasa sikia ilivyotokea. Wanachuo wamekaa kwa makundi, mchezo umepamba moto, kundi la dirishani kete yao imebakiza vyumba viwili tu wamalize. Wakavuta hiyo kadi. Kuna binti kwenye kundi hilo kwao ni Katoro, kabla msomaji hajamaliza swali yeye keshasema "Mkoa wa Geita!" huku wenzake wanapiga meza, wanajua wameshashinda. Msomaji akageuza kadi, akaisoma, akanyamaza kidogo, akasema kadi inasema Mwanza. Kete ikarudishwa nyuma, swali likahamia kundi la pili, na hao wakiwa wameshasikia jibu wakasema Mwanza kwa sauti, wakapewa hatua, raundi mbili mbele wakamaliza wao. Binti akaniangalia akasema, "Madam, ina maana mimi sijui kwetu?" Nikasimamisha mchezo nikawaambia warudishiwe nafasi yao, si ndio wale wa kundi la pili wakaleta karatasi ya sheria, imeandikwa kabisa jibu la kadi ndilo la mwisho! Yule binti akaweka dadu mezani taratibu na kipindi chote kilichobaki hakunyoosha mkono tena.

Watu wataniambia kadi moja tu Madam, mbona unakuza. Hapana. Kwenye boksi hilohilo, kwenye kadi za bluu, kuna mwanasaikolojia Thorndike na paka wake wa majaribio na ile kanuni yake kwamba kitendo kinacholeta matokeo ya kufurahisha hurudiwa na kinacholeta maudhi huachwa. Kuna mwenzake Skinner na mambo ya kutia nguvu mwitiko, yaani tendo likifuatiwa na zawadi mtu analirudia. Sasa mimi nifanyeje, nimesimama mbele ya walimu watarajiwa, aliyesema ukweli anarudishwa nyuma na aliyesema uongo anapigiwa makofi na kusogezwa mbele? Hicho ndicho wanachokwenda kukumbuka, Mwanza, kwa sababu Mwanza ndiyo iliyowapa ushindi, halafu kesho kutwa wanapangiwa shule huko vijijini wanamfundisha mtoto hivyohivyo. Aliyetengeneza mchezo wa nadharia za ujifunzaji alitakiwa ajue hili kuliko mtu yeyote.

Niseme na la daraja, maana kuna kadi nyingine inauliza ukitoka Mwanza kwenda Sengerema kwa njia ya Kigongo unavukaje, jibu kivuko. Wanachuo wakapiga kelele, "Madam daraja!" Hilo mimi nimelisamehe kwa roho safi, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025 na inawezekana kadi zilishachapwa. Lakini Geita? Miaka yote hiyo?

Basi nikabeba boksi, nikapanda daladala kutoka Nyegezi na jua lile, nikaenda dukani mjini kati nilikonunulia. Sikwenda kwa shari. Nikamkuta mama mwenye duka, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba bila kunyanyua macho kwenye simu. Nikamwonyesha kadi, nikamweleza, sikutaka hata hela yangu irudi, nilichotaka anipe namba ya aliyemletea au anibadilishie kadi kama kuna toleo lililorekebishwa. Akaniambia bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikasema mama sirudishi, nauliza tu nitampata wapi mwenyewe. Hapo kijana wake aliyekuwa anapanga madaftari akadakia, "Madam huo si mchezo tu wa watoto, kama majibu unayajua ulinunua wa nini?" Na mama akacheka! Akacheka akaendelea na simu yake. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, hawa watoto unaowasema ndio watakaomfundisha mwanao. Akaniambia nipishe wateja wapite. Dukani kulikuwa na mimi peke yangu.

Kwakweli nilitoka pale natetemeka. Nimefundisha watu wengi, nimesemwa vingi, lakini kuambiwa ulinunua wa nini kama majibu unayajua, na mtu anayeuza vitabu na chaki, iliniuma sana.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu nilitaka kuandika msinunue, nukta. Ila nikisema hivyo nitakuwa sijasema ukweli wote. Ukiacha kadi mbovu huu mchezo unafanya kazi jamani. Mimi Piaget, yule wa hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto, nimemfundisha ubaoni hadi nimechoka, wanaandika notisi, mtihani ukija hizo hatua wanazichanganya kama hawajawahi kuzisikia. Ikatoka kadi inasema mtoto kaona maji yamemiminwa toka glasi fupi kwenda ndefu nyembamba, anasema maji yameongezeka, yuko hatua gani? Wakabishana! Mmoja akasema ya tatu, mwenzake akamkatalia akasema wa hatua ya tatu, kuanzia miaka 7 hivi, angejua maji ni yaleyale, huyo ni wa hatua ya pili, miaka 2 hadi 7, mdogo wangu nyumbani yuko hivyo ukimgawia uji kwenye kikombe kirefu anaona kapewa mwingi. Mimi nimekaa pembeni nasikiliza tu. Ilipokuja kadi ya Vygotsky, ile ya mambo ambayo mtoto peke yake hawezi ila akisaidiwa anaweza, hakuna hata aliyekosea, na walikuwa wanaelekezana wao kwa wao palepale, yaani Vygotsky mwenyewe angefurahi.

Na kadi nyingi za kijani ziko sawa, nisiwaonee. Maji ya ziwa yanatokea wapi kwenda Nile, Jinja. Makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, Nansio. Hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, Saanane. Kuna vijana wamezaliwa Mabatini na Igoma walikuwa hawajui Saanane ni hifadhi ya taifa, wanaiona kila siku wanajua ni kisiwa tu, leo wanajua. Kwa hiyo nikawa nimelainika, nikasema hapa nawapa nyota tatu, hata nne.

Halafu nikapiga namba iliyoandikwa chini ya boksi. Haipatikani. Nikapiga tena jioni, haipatikani, ujumbe nimetuma haujajibiwa mpaka leo. Hasira ikarudi yote, kwa sababu kumbe hakuna hata mtu wa kumwambia, kadi itaendelea kuuzwa hivyohivyo, Geita itaendelea kuwa Mwanza kwenye madarasa ya watu.

Kwa hiyo nyota mbili. Tatu ni za mchezo, moja nimeikata kwa kadi ya Geita, na duka lile silipi nyota hata moja. Mwalimu ukitaka nunua, ila tafuta duka lingine, na usiuingize darasani kabla hujakaa nyumbani na kalamu ukapitia kadi moja baada ya nyingine, za kijani hasa, pamoja na ile karatasi ya sheria, hiyo sentensi ya jibu la kadi ndilo la mwisho ikate kabisa, andika mwalimu ndiye mwamuzi. Na kama kuna mtu hapa anamfahamu aliyeuchapisha amfikishie ujumbe, achape upya hata hizo kadi mbili tu, nitazinunua, hela ninayo.