Nilitaka sindano ya kuondoa ndita, nikaanzia kwa daktari wa ngozi: uzoefu wangu Mwanza

Ninakausha na kuuza dagaa Igombe, na mwaka huu nimetimiza miaka 47. Kilichonifanya nitafute tiba ya uso ni mistari miwili iliyosimama katikati ya nyusi. Wateja wageni wananiuliza, "Mama, kuna nini, mbona umenuna?" na mimi sijanuna. Kwa mtu anayeuza kwa mdomo na uso, hilo si jambo dogo. Mteja akiona ndita anadhani bei haizungumziki, anapita kwa jirani. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema mwanamke wa makamo anayehangaikia makunyanzi ana majivuno, siwaelewi. Uso wangu ni sehemu ya kazi yangu, na hata ingekuwa si kazi, bado ni wangu na nina haki ya kuujali.

Wifi yangu wa Dar es Salaam alichoma botoksi, ile sindano ya kulegeza misuli ya uso, kwa daktari, na tulipokutana harusini nilimkuta amependeza kweli. Hakuwa na ule uso mgumu unaosemwa na watu. Alicheka, akaongea, akashangaa kama kawaida yake, ila alionekana mtu aliyelala vizuri wiki nzima. Yeye ndiye aliyenitia hamu. Naandika haya kwa sababu nilipotafuta maelezo ya mwanamke mweusi wa umri wangu, anayeishi huku Kanda ya Ziwa na kufanya kazi juani, nilipata matangazo mengi na picha za Wazungu.

Mahali pa kwanza nilipoulizia ni saluni moja ya mjini ambayo jina lake sitalitaja. Dada wa pale alikuwa mkarimu. Akanishika mashavu, akasema tuanze na fila, sindano ya kujaza mikunjo, kwenye ile inayoshuka kutoka puani hadi mdomoni, halafu botoksi juu, na leo hii hii tunamaliza. Nikaomba kuiona hiyo botoksi. Akafungua droo, akatoa bomba la sindano lililokwisha kujazwa, na kifuniko chake juu. Halikuwa na lebo wala tarehe. Nikamuuliza umeme ukikatika dawa inahifadhiwaje, akasema hiyo haiharibiki. Nikashukuru, nikaondoka.

Baadaye nilielezwa kwa nini nilifanya vizuri kuondoka. Botoksi huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa kidogo kilichozibwa. Chapa nyingi hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, na unga huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali wakati wa kutumika. Kwa hiyo una haki ya kuona kichupa, jina lake, tarehe yake, na kuona kikifunguliwa mbele yako. Fila nayo ni jeli, na hatari yake ni nyingine kabisa. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuuziba, ngozi ikafa, na kwa nadra mtu akapofuka. Fila za asidi ya hayaluroni zina dawa ya kuziyeyusha, hayaluronidasi, na anayechoma lazima awe nayo palepale na ajue kuitumia. Chumba cha nyuma cha saluni hakikuwa na kitu cha namna hiyo.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Sisi wakaushaji ndipo tunapopata nafasi ya kushughulikia mambo yetu. Siku moja ya namna hiyo nikapanda kilima cha Bugando kwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya Bugando. Nililipa taslimu, maana bima haigusi mambo ya urembo, na foleni ilikuwa ndefu. Nenda asubuhi na mapema ukiwa umeshakunywa chai. Lakini kama kuna kitu kimoja katika safari hii yote ambacho ningekilipia tena bila kufikiri, ni ile nafasi ya kukaa mbele ya daktari wa ngozi.

Alikuwa daktari wa kike, kijana. Hakunicheka wala hakuniambia nimshukuru Mungu kwa nilivyo, jambo nililokuwa naliogopa. Alinisogeza dirishani penye mwanga wa jua. "Mama, kunja uso kama umekasirika. Haya, legeza. Sasa cheka." Akavuta ngozi taratibu kwa vidole viwili, akaachia, akatazama inavyorudi. Kisha akanipa kioo nione mwenyewe. Mistari ya pembeni mwa macho ilikuja na kicheko na kuondoka nacho. Ile ya katikati ya nyusi ilibaki hata nilipolegeza, ingawa haikuwa na kina kirefu.

Akanieleza kwamba hizo ni shida tofauti, na kila moja ina njia yake. Mistari inayotokana na misuli kukunjana ndiyo kazi ya botoksi. Dawa ile huzuia neva isitoe ujumbe wa kuuamuru msuli ukaze, kwa hiyo msuli hulegea na ngozi iliyo juu yake hutulia. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwenye wiki mbili, na huisha baada ya miezi mitatu au minne. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002, na ni kwa sehemu hiyohiyo ya katikati ya nyusi. Hakunificha: kwa ndita zangu, ingefanya kazi. Madhara yake ya kawaida ni michubuko na maumivu ya kichwa, na wakati mwingine kope hushuka kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi juu. Mjamzito na anayenyonyesha huambiwa asubiri, na mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli aseme mapema.

Ngozi iliyolegea, madoa na ukavu, hayo ni ya umri na jua, na botoksi haiyagusi. Akaniambia pia kwamba sisi weusi kwa kawaida huchelewa kupata mistari myembamba kuliko Wazungu. Uzee wetu huonekana zaidi kwenye mashavu kushuka na rangi kutolingana. Hilo lilinifariji, lakini pia lilinifanya nione kwamba nusu ya matangazo niliyokuwa nasoma hayakuandikwa kwa ajili ya uso kama wangu.

Akauliza kuhusu makovu. Nikamwonyesha sikio langu, pale nilipotobolewa utotoni pakavimba kovu gumu ambalo halijawahi kunywea. Hapo akafunga milango miwili bila kusita: kuchubua uso kwa asidi kali na kuchoma kwa leza. Kwenye ngozi nyeusi vyote viwili vinaweza kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi mingi, na kwa mtu mwenye tabia ya kovu kuvimba hatari inaongezeka. Zipo leza zinazoifaa zaidi ngozi nyeusi, na zipo asidi nyepesi, ila hakuona sababu ya kuniingiza huko. Ukiwa na kovu la namna hiyo popote mwilini, lionyeshe hata kama hujaulizwa.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Akanipa karatasi ya maelekezo nisome. Nikaisogeza mbali, nikakodoa macho, na kabla sijafika mstari wa pili akasema, "Hapohapo mama, usisogee," akaninyanyulia kioo. Ndita zote mbili zilikuwa zimesimama wima. Kumbe siku nzima ninazikaza mwenyewe: nikisoma mizani, nikisoma ujumbe wa malipo kwenye simu, nikiandika daftari la madeni. Baada ya miaka arobaini jicho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Ni hali ya kawaida, nami nilikuwa naiona kama uchovu. Akanielekeza kitengo cha macho, nikapimwa, nikapata miwani ya kusomea. Kwa ajili ya mchana akanishauri miwani ya jua inayokinga miale na kofia yenye ukingo mpana.

Kuhusu jua, wengi tunajua kwamba weusi wetu ni kinga, na ni kweli, ila kinga hiyo ina mpaka. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi kuwa mikali, na sisi tunasimama kwenye vichanja kuanzia dagaa wanapomwagwa asubuhi hadi wanapokauka. Mng'ao wa maji hauunguzi ngozi sana kama tunavyodhani, maana maji hurudisha sehemu ndogo tu ya miale inayounguza. Lakini unakulazimisha ufinye macho saa zote. Daktari alinitajia utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 2013: watu wazima wa chini ya miaka 55 waliopaka losheni ya jua kila siku kwa miaka minne na nusu, ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka walipojisikia. Wengi wao walikuwa weupe, kwa hiyo sichukui namba ile kama ilivyo, lakini imenitosha kunishawishi nipake.

Losheni ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya madini ya zinki, na siipendekezi kwa rangi yangu. Inaacha weupe kama majivu, na jasho likianza inateremka kwa michirizi. Ya pili, isiyoacha weupe, ya SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua), ndiyo ninayotumia. Inakaa vizuri, ila ikiingia machoni inawasha, kwa hiyo ninaishia juu ya nyusi na ninaacha nafasi kidogo chini ya macho. Unatakiwa upake ya kutosha, mistari miwili ya urefu wa kidole kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Hapo ndipo gharama ilipo, maana chupa inaisha haraka. Kuna losheni nzuri inayotengenezwa hapahapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi, iitwayo Kilisun, lakini ile ni kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, nao wanaihitaji kwa uhai wao. Tusiitafute kwa njia za panya.

Usiku ninapaka tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, ya asilimia 0.025, kwa cheti cha daktari. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, na nilianza kwa usiku wachache kila wiki. Mwanzoni nilibabuka pembeni mwa pua na kidevuni, nikatamani kuacha. Kutanguliza mafuta ya kulainisha kulisaidia. Usiharakishe, kwa sababu ngozi yetu ikiwashwa sana inaacha weusi, na mjamzito asiiguse kabisa. Baada ya miezi kadhaa uso umekuwa laini, madoa ya mashavuni yamefifia, na ndita nikiwa nimetulia hazionekani sana. Nikikasirika kweli zinarudi vilevile.

Sindano, basi, nimeiacha kwa sasa, na sijaiacha kwa kuogopa. Wifi alilipa laki nane. Ukirudia mara tatu kwa mwaka ni milioni mbili na laki nne, bila nauli ya Dar es Salaam, na ukiacha kurudia mistari inarejea. Fedha hiyo kwangu ni mtaji wa dagaa. Msimu ukiniendea vizuri ninaweza kubadili mawazo, na nitachoma kwa daktari aliyemchoma wifi, kichupa kikifunguliwa mbele yangu.

Nawaomba sana dada zangu, msikimbilie vikopo visivyo na maelezo vinavyouzwa kama dawa ya makunyanzi na weupe kwa pamoja. Vingi huwa ni mkorogo tu. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Vingine vina dawa za steroidi, ambazo wiki za kwanza hung'arisha uso, kisha huifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa ionekane. Mdogo wangu amepitia hayo, na mashavu yake leo yana mabaka ya bluu na kijivu.

Nina tarehe ya kurudi kliniki mbalamwezi ijayo. Nitauliza kuhusu mikunjo ya pembeni mwa mdomo, ambayo tretinoini haijaigusa, na nimeshamshawishi mdogo wangu tupande wote.