Parasetamoli ya maji ya watoto baada ya upasuaji: dawa nzuri, kijiko kibaya, chupa ndogo

Mtoto aliyepasuliwa henia au kutahiriwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo na chupa moja mkononi mwa mama: parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Dawa yenyewe tunaisifu bila kusita. Ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, inabeba sehemu kubwa ya maumivu ya siku za kwanza, na haimzuii mtoto kupumua vizuri. Inaangushwa na vitu inavyouzwa navyo.

Cha kwanza ni maelezo ya pakiti. Mengi yanapanga dozi kwa umri, ilhali watoto wa umri mmoja hutofautiana kilo nyingi. Kwa mtoto wa zaidi ya miezi 3 mwenye lishe nzuri na ini zima, kipimo cha kawaida baada ya upasuaji ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180, yaani ml 7.5. Mzazi mwoga akimpa ml 5, mtoto anapata theluthi mbili tu ya dozi, analia usiku kucha, kisha dawa inaambiwa haifanyi kazi. Kabla ya kutoka wodini, omba mtoto apimwe uzito na muuguzi aandike idadi ya ml juu ya chupa. Mwenye utapiamlo, aliyeishiwa maji mwilini au mchanga kabisa apangiwe na daktari.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kasoro ya chupa. Kilo 12 ni ml 30 kwa siku, kwa hiyo chupa ya ml 60 inakwisha siku ya pili, wakati kidonda bado kinauma. Nunua ya ml 100.

Kijiko cha chai cha jikoni tunakikataa kabisa, kwa kuwa vijiko vya nyumba mbili havilingani. Bomba la ml 10 lisilo na sindano linapatikana kwa bei ndogo kwenye duka la dawa. Tikisa chupa kwanza, kwa sababu dawa nyingi za aina hii hutuama: usipotikisa, dozi za mwanzo zinakuwa hafifu na za mwisho kali. Vuta dawa, toa mapovu, mkalishe mtoto wima, kisha sukuma polepole upande wa ndani wa shavu. Ukiielekeza kooni atapaliwa. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi. Baada ya hapo, subiri saa ya dozi inayofuata.

Soma nguvu ya dawa kila ununuapo. Kuna chupa za miligramu 250 kwa ml 5, na kuna matone ya wachanga yenye miligramu 100 katika kila ml moja. Ml 7.5 za matone hayo ni miligramu 750, zaidi ya mara nne ya dozi ya mtoto wetu wa kilo 12. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, hivyo usizichanganye. Dozi ikizidishwa, mpeleke hospitali hata kama anacheza, kwa sababu ini linaweza kuwa linaumia siku ya kwanza bila dalili yoyote.

Saa zake ni rahisi kukumbuka: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kwa siku mbili za kwanza fuata saa, usingoje kilio. Ganzi ya chini ya mgongo anayochomwa mtoto wa henia huisha baada ya saa chache, na dozi ya kwanza inatakiwa iwe imeshaingia. Uliza aliyopewa chumba cha upasuaji ilikuwa saa ngapi.

Kwa upasuaji wa tonsili au mifupa, parasetamoli peke yake haitoshi. Mwenzake mzuri ni ibuprofeni, miligramu 10 kwa kilo mara tatu kwa siku baada ya chakula, daktari akikubali. Asipewe mwenye ugonjwa wa figo, aliyeishiwa maji au anayetoka damu, wala asiongezewe juu ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo. Maumivu ya tonsili hupanda tena karibu siku ya tano hadi ya saba, utando wa kidonda unapobanduka, kwa hiyo usitupe chupa mapema. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, kataa: baadhi ya watoto huigeuza haraka kuwa mofini wakaacha kupumua, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza isitumike kwa walio chini ya miaka 12. Aspirini pia si ya watoto.

Kwa asiyeweza kusema, tazama uso, miguu, mwili kutulia au kujipinda, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kipe 0 hadi 2: 0 kama hakionyeshi maumivu, 2 kama kinayaonyesha sana. Jumla ikiwa 4 au zaidi saa moja baada ya dozi, piga simu wodini.

Ipo hali ambayo chupa hii haifai kuiziba. Mtoto mwenye plasta ngumu anayepiga kelele ukimnyoosha vidole, au maumivu yanayoongezeka siku ya tatu pamoja na homa na uvimbe, arudi hospitali saa hiyohiyo. Vilevile maumivu yanayovuka miezi 3, hasa ya kuchoma kama moto au yanayoamshwa na nguo kugusa kovu, mara nyingi yanatoka kwenye mishipa ya fahamu. Hayo yanahitaji dawa nyingine, mazoezi ya viungo, na msaada wa kurudi shule na kulala vizuri. Kununua chupa ya sita kunamchelewesha tu.