Ligamenti bandia ya goti: inafaa wapi, na wapi isiwekwe

Ligamenti bandia, yaani kamba ya kiwandani inayowekwa badala ya ule mshipi unaofunga mfupa na mfupa gotini, huja na ahadi mbili: hutakatwa kano lako zima ili litumike kutengenezea ligamenti mpya, na utarudi uwanjani mapema. Ahadi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ndiyo iliyowaponza wengi, na si kwa sababu kifaa ni kibovu, bali kwa sababu kinapewa kazi isiyo yake.

Tunayoipima hapa hasa ni LARS, ligamenti ya poliesta iliyobuniwa Ufaransa na daktari Laboureau katika miaka ya 1980, ambayo bado inatumika katika nchi kadhaa. Tutagusa pia vifaa vilivyoitangulia, maana makosa ya vifaa hivyo ndiyo yaliyoipa umbo ililonalo.

Tuanze na kile kinachobadilishwa. Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele, ambayo madaktari na wanamichezo huiita ACL, inaanzia nyuma kwenye mfupa wa paja na kushuka kwa mshazari hadi mbele, juu ya mfupa wa muundi. Urefu wake ni kama sentimita 3 tu. Inauzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na usijizungushe mtu anapokata kona ghafla. Kwenye maabara, ACL ya kijana huhimili mvuto wa takriban nyutoni 2,160 kabla ya kukatika, sawa na mzigo wa kilo 220 hivi ukining'inizwa. Pia ina neva zinazouarifu ubongo goti limekaa vipi, na hiyo ni kazi ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuifuma.

Ukiangalia namba peke yake, LARS inashinda bila jasho. Ya nyuzi 60 huhimili karibu nyutoni 2,500, ya nyuzi 80 karibu 3,600, ya nyuzi 100 karibu 4,700. Hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Goti haliharibiwi na mvuto mmoja mkubwa wa mashine. Kila mguu wa mtu anayetembea kwa kawaida hupiga hatua zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na katika kila hatua uzi unapinda, unajisokota kidogo na kusugua ukingo wa tundu la mfupa. ACL ya asili ikichanika nyuzi chache, ina damu na seli za kuihudumia. Uzi wa poliesta ukikatika, umekatika.

Ndiyo maana ligamenti bandia ya Gore-Tex, iliyokuwa na nguvu ya zaidi ya nyutoni 5,000, haikudumu. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1986 kwa wagonjwa ambao upasuaji wa kutumia kano lao ulikuwa umeshindwa, na mwaka 1993 ikaondolewa sokoni. Ilibeba mzigo wote peke yake, mwili haukuweza kujifuma ndani yake, na magoti yakawa yanajaa maji. Kabla yake kulikuwa na nyuzi za kaboni za miaka ya 1970, zilizomomonyoka na kuacha vumbi jeusi ndani ya kiungo. Leeds-Keio, poliesta yenye matundu iliyotokana na ushirikiano wa Uingereza na Japani, ilikuwa na wazo zuri zaidi: iwe kiunzi cha kuotea tishu, isiwe kamba ya kudumu. Wazo lilikuwa sahihi, ila ndani ya kiungo tishu hiyo haikuota kwa uhakika wa kutosha.

LARS yenyewe, ukiishika mkononi, ni nyeupe na laini, unadhani utambi wa jiko la mafuta. Ikague vizuri utaona sehemu tatu. Ncha zote mbili zimefumwa kwa nyuzi za wima na za mlalo, nazo hukaa ndani ya mfupa. Katikati hakuna nyuzi za mlalo kabisa: kuna nyuzi huru zilizolala sambamba, zimesokotwa robo mzunguko kuiga msokoto wa ACL halisi. Kwa kuwa goti la kulia na la kushoto husokota pande tofauti, kuna ya kulia na kuna ya kushoto, na kuzibadilisha ni kosa la kizembe lisilo na tiba ila kufungua tena. Uamuzi wa kuacha nyuzi huru katikati ni mzuri sana. Goti likikunjwa, nyuzi zinapishana bila kukatana, na kati yake panabaki nafasi ya tishu kupenya. Nyuzi pia husafishwa kiwandani kuondoa mafuta ya mashine ya kufumia, kwani mafuta hayo huzuia seli zisishike.

Sasa tufike mahali ambapo upasuaji hufaulu au hushindwa. Ligamenti bandia ina nguvu zake zote siku inayowekwa; kuanzia hapo ni kupungua tu, isipokuwa mwili uizungushie tishu yake. Tishu hiyo haitoki hewani. Inatoka kwenye kisiki cha ACL iliyokatika, chenye mishipa ya damu na seli. Kwa hiyo sharti la kwanza la LARS kwenye ACL ni jeraha bichi, la wiki chache, na kisiki kinene ambacho bado kimeshikilia kwenye muundi. Ligamenti inapitishwa katikati ya kisiki, kama uzi ndani ya tundu la shanga, ili nyuzi zifunikwe kote. Daktari anayekinyofoa kisiki chote ili aone vizuri kwa kamera, kisha akaweka LARS mahali peupe, amerudia kosa la miaka ya 1980 kwa kifaa cha kisasa. Jeraha likikaa miezi mingi, mara nyingi kisiki kimeshasinyaa au kugandana na ligamenti ya nyuma, na hapo LARS kwa ACL haina mshirika.

Upasuaji hufanywa kwa athroskopi, yaani kamera na vifaa vyembamba kupitia matundu madogo. Waya mwembamba wa kuongozea hutangulia, kisha keekee huufuata na kutoboa mfereji wa milimita 7 hadi 8 kwenye muundi na kwenye paja. Mfereji ukiwa mpana kuliko ligamenti, ligamenti hucheza ndani yake na kuutanua zaidi. Kano lako likiwekwa mbali kidogo na mahali pake, lina uwezo fulani wa kujirekebisha, maana ni tishu hai. Poliesta haina huruma hiyo. Tundu la paja likiwa mbele mno, ligamenti hukazika kila goti linapokunjwa, na mgonjwa ama hashindwi kunyooka ila hawezi kuchuchumaa, ama analikunja goti kwa nguvu hadi nyuzi zinaanza kukatika. Tundu la muundi likiwa mbele mno, goti linaponyooka kabisa nyuzi hubanwa na paa la mfupa lililo juu yake, hatua baada ya hatua. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hii hukatikia penye ukingo.

Kwa sababu hiyo midomo ya mifereji hulainishwa kwa tupa kabla ya kupitisha chochote. Nyuzi huru zote zinatakiwa ziwe ndani ya kiungo, na sehemu iliyofumwa iishie ndani ya mfupa. Ikichomoza hata kidogo kuingia kwenye goti, nyuzi za mlalo husagana na zile za wima na kumomonyoka. Upande wa paja hufungwa kwanza kwa skrubu ya titaniamu. Goti hukunjwa na kunyooshwa mara 20 hivi ligamenti ikiwa imevutwa, ili ulegevu wote utoke, ndipo upande wa muundi unafungwa goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo tu. Skrubu ikiingia kwa mshazari tofauti na mfereji, meno yake hukata nyuzi hapo hapo mezani, na hakuna atakayejua hadi goti lilegee. Kabla ya kufunga matundu, daktari mzuri hunyoosha goti kabisa huku kamera ikiwa ndani, aone kwa macho kama kuna mfupa unaogusa nyuzi.

Hata yote hayo yakienda sawa, kifaa kinaweza kuanza kuchakaa. Dalili ya mwanzo kwa kawaida si kukatika, ni goti kuvimba na kunywea na kuvimba tena, bila homa. Chembe za poliesta zilizomomonyoka huchochea utando wa ndani wa goti, seli za kinga zinajaribu kuzila na kushindwa, na ute unaongezeka. Uvimbe wa aina hii usipewe vidonge vya maumivu na kusahauliwa. Maji yavutwe kwa sindano yapelekwe maabara, kwanza kuondoa shaka ya maambukizi, maana bakteria wakijificha kwenye nyuzi ligamenti lazima itolewe. Eksirei au CT inaonyesha kama mifereji inapanuka. Kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, poliesta huonekana kama mstari mweusi, sawa na ligamenti nzima, na skrubu huvuruga picha iliyo karibu nayo. Picha nzuri ya MRI peke yake isimtulize mtu ambaye goti lake linamtupa.

Kuitoa ni kazi. Kuisaga ndani ya goti kwa mashine ya kunyolea tishu ni kumwaga vumbi lile lile tunalolikimbia. Inapaswa ikatwe vipande vikubwa vichache na kuvutwa kupitia mifereji, kisha goti lioshwe kwa maji mengi. Mifereji ikiwa imefikia kama milimita 15, kwa kawaida hujazwa mfupa kwanza, mgonjwa akasubiri miezi kadhaa mfupa huo ushike, ndipo ligamenti nyingine iwekwe. Upasuaji mmoja umegeuka mitatu.

Ukilinganisha na kano la mwenyewe, liwe la chini ya pia ya goti, la misuli ya nyuma ya paja au la misuli ya mbele, mwendo wake ni kinyume. Kano lililohamishwa kwanza hukosa damu na seli zake hufa, kisha mishipa mipya huingia na kuligeuza polepole kuwa ligamenti. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ndipo lilipo dhaifu, wakati mgonjwa anajisikia amepona. Gharama yake ipo: maumivu ya kupiga magoti kwa waliotolewa kano la mbele, na udhaifu wa kukunja goti kwa waliotolewa la nyuma. Lakini miaka mitano mbele, kano linaendelea kuishi na ligamenti bandia inaendelea kuchakaa. Kwa kijana anayecheza na amekatika ACL pekee kwa mara ya kwanza, sisi tunachagua kano lake bila kusitasita.

Kuna njia mbili nyingine. Mkanda wa FiberTape wa Arthrex, mwembamba kuliko LARS, haukai mahali pa ligamenti. Unasindikiza ACL iliyoshonwa tena au kano lililopandikizwa, likaze mpaka lipone. BEAR, sifongo ya kolajeni ya ng'ombe inayoloweshwa damu ya mgonjwa na kuwekwa kati ya vipande viwili vilivyokatika, iliruhusiwa Marekani Desemba 2020. Inayeyuka ndani ya wiki nane hivi, lakini ruhusa hiyo ya 2020 ilitaka jeraha lisilozidi siku 50 na kisiki kinachoshika muundi. Tazama jinsi kisiki kinavyorudi tena kwenye mazungumzo.

LARS inapong'ara kweli ni nje ya ACL. Goti lililoteguka zima, ligamenti tatu zimekatika, haliwezi kutengenezwa kwa makano ya mgonjwa peke yake bila kumwacha kilema upande mwingine. Hapo ligamenti bandia kwa ligamenti ya nyuma na za pembeni ni msaada mkubwa. Za pembeni hasa zimezungukwa na tishu yenye damu ya kutosha, na ziko nje ya uwazi wa kiungo, hivyo hata chembe zikimomonyoka hazimwagiki kwenye gegedu. Pia hutumika kushikiza misuli kwenye goti la chuma baada ya kuondoa uvimbe wa saratani.

Isiwekwe kwa mtoto ambaye mifupa bado inarefuka, mifereji na skrubu zikapita kwenye sahani za ukuaji. Isiwekwe palipo na maambukizi. Na muundi ambao uso wake wa juu una mteremko mkali wa kwenda nyuma, zaidi ya digrii 12, husukuma goti mbele kila hatua na kuumaliza uzi wowote. Mteremko huo upimwe kwenye eksirei ya ubavuni kabla, usigunduliwe baada.

Kuhusu kurudi uwanjani: ligamenti bandia inaruhusu kukanyaga mapema, na magongo mara nyingi huachwa ndani ya wiki mbili. Hilo si ruhusa ya kucheza. Misuli ya paja iliyosinyaa hairudi kwa sababu uzi ni imara, wala neva zilizopotea hazirudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa waliorekebishwa ACL ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri hadi wa 9 ulipunguza majeraha mapya karibu nusu. Wiki mbili za kwanza shabaha ni goti kunyooka kabisa na paja kukaza. Baadaye baiskeli isiyotembea, kisha mazoezi ya uzito. Mguu uliopasuliwa ufikie walau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka kabla ya kukata kona yoyote.

Kabla ya kutoka hospitalini omba nakala ya stika iliyobandikwa kwenye faili kutoka kwenye pakiti ya ligamenti na ya skrubu. Ina aina, idadi ya nyuzi, upande wa kulia au kushoto, ukubwa wa skrubu na namba ya toleo. Siku goti litakapofunguliwa tena, pengine na daktari mwingine, ndiyo itakayomwambia aandae bisibisi gani.