Mkalimani wa Kiswahili hospitalini Marekani: uzoefu wangu na mama

Nawaandikia hasa Wakongomani wenzangu tuliotoka Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi tukaletwa Marekani. Sisi tuko Lexington, Kentucky, na mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki kwa presha na sukari. Ukalimani wa Kiswahili, wa simu na wa video, naupa nyota nne kati ya tano.

Kambini manesi wa Msalaba Mwekundu walikuwa Watanzania, ulijieleza mwenyewe yakaisha. Huku, miezi ya mwanzo, aliyemsemea mama ni mdogo wangu wa kiume, bado yuko shule ya msingi. Mama hakuweza kutaja mambo ya kike mbele ya mtoto wake, basi daktari akaandika kwamba hana tatizo. Iliniuma sana. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile inayoitwa Obamacare, kifungu cha 1557, inazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zikupe mkalimani anayeifahamu kazi yake, bure. Hawaruhusiwi kukuambia uje na ndugu yako. Mtoto anaweza kutumika kwa muda tu, kwenye dharura, wakati mkalimani anatafutwa.

Video ndiyo niliyoipenda. Nesi anasukuma tableti iliyofungwa kwenye nguzo ya magurudumu, anachagua lugha, mkalimani anatokea. Anataja namba yake ya kazi, anaeleza kwamba atafasiri kila kitakachosemwa na kwamba yote yatabaki siri. Mama aliomba mwanamke, akapewa. Siku hiyo alizungumza kama nilivyokuwa sijamsikia akizungumza na daktari tangu tufike. Ndipo ikajulikana kwamba vidonge vya presha alikuwa anavimeza siku anazojisikia vibaya tu. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba ni vya kila siku, hata akiwa mzima.

Simu inasaidia, ila si sawa na video. Mkalimani haoni mama anapogusa ubavu kuonyesha panapouma, na laini ikikatika unaanza upya na mtu mwingine. Wengine wanazungumza Kiswahili cha Kenya au cha Pwani, na mama anachanganya Kifaransa na Kibembe. Mkalimani mzuri anauliza tena kabla ya kufasiri. Usione aibu kumwomba arudie. Mkalimani wa Kibembe chenyewe sisi hatujawahi kumpata, kwa hiyo wenye wazee wasiojua Kiswahili waulize mapema sana.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya mapokezi. Ndani kwa daktari mambo ni mazuri, lakini ukipiga simu kliniki unapokelewa na sauti iliyorekodiwa ya Kiingereza na Kihispania, na ujumbe wa kukumbusha miadi unakuja kwa Kiingereza. Mama alikosa miadi ya macho kwa sababu hiyo, na mgonjwa wa sukari hafai kukosa kupimwa macho. Sasa tunafanya hivi: mtu akipokea, tunasema "Swahili" na kusubiri kwenye laini mpaka aunganishe mkalimani. Tunaomba pia iandikwe kwenye faili kwamba mgonjwa anahitaji mkalimani wa Kiswahili, mwanamke.

Duka la dawa watu wengi wanalisahau. Likipokea Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, sheria hiyohiyo inalihusu. Lebo ya chupa ni ya Kiingereza, kwa hiyo usiondoke kaunta kabla mfamasia hajapiga simu kwa mkalimani ukaelezwa unakunywa ngapi, saa ngapi, kabla au baada ya chakula. Mmoja alitukatalia, tukamwomba msimamizi wake, naye akapiga simu palepale. Wakikataa wote, andika jina la mahali na tarehe. Malalamiko yanapelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya afya ya Marekani, ndani ya siku 180.