Windows 11: kuapdeti juu kwa juu au kupiga window upya?

Tangu Windows 10 iachwe kupewa apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, huku Mtwara swali ni hilohilo: uweke Windows 11 juu ya ile ya zamani, au ufute uiweke upya? Kabla ya yote cheki mashine: RAM GB 4, diski GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), ikikosa hivyo hakuna njia rasmi itakayokusaidia hapa.

Bando linaliwa kotekote, GB 5 na kuendelea. Ila wengi hawajui fleshi moja ya GB 8 yenye faili za kuweka Windows 11 inafanya zote mbili, ukiifungua ukiwa ndani ya Windows ukabonyeza setup inaapdeti, ukiwashia mashine kwenye fleshi inapiga upya, kwa hiyo bando moja linatosha nyumba nzima.

Kwa usalama wa vitu vyako apdeti inashinda kabisa, picha na programu zinabaki na usipoipenda una siku 10 za kurudi ya zamani. Kupiga upya ukifomati vyote vinaenda, hamisha kwanza jamani!

Umeme ukikatika katikati ndo kazi, na desktop haina betri. Aliyekuwa anapiga upya anaanza tu mwanzo, data zake kashazitoa, wa apdeti anaweza kukesha anahangaika.

Wepesi? Apdeti inabeba na uchafu wote wa zamani.

Una steshenari Masasi na programu ya mauzo ambayo huna pa kuipata tena, apdeti. Umenunua laptopu ya mtumba imejaa vitu vya mwenyewe, piga upya leoleo.