Filamu za majambazi za zamani: huku steringi anakufa

Sisi tuliokulia kwenye filamu za ngumi tuna sheria yetu: steringi hafi. Nimemaliza wiki kadhaa na majambazi wa zamani wa nchi nne, na sheria hiyo sina tena.

Nilianza na Marekani, The Public Enemy ya 1931. Sauti inakwaruza, lakini James Cagney anatembea kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kile kitendo cha kumsukumia mwanamke balungi usoni bado kinaudhi. Haifiki hata dakika 90. Mwisho sitausema, ila mlango ukigongwa, kaa vizuri.

Ufaransa ndiko nilikonasa. Katika Touchez pas au grisbi ya 1954, Jean Gabin ni jambazi mzee aliyekwisha kuiba dhahabu yake na sasa anataka kupumzika tu. Usiku mmoja anamficha rafiki yake nyumbani. Wanakula mkate mkavu na pate, ile nyama laini ya kupaka, wanakunywa divai, anamtolea pajama na mswaki. Basi! Wanaume wawili wanapiga mswaki, na rafiki anajitazama kwenye kioo, anajishika mashavu yaliyolegea. Hakuna risasi iliyonigusa kama kioo kile. Rififi ya 1955 nayo ina wizi wa karibu nusu saa usio na neno wala muziki. Nilihangaika na spika nikidhani zimekufa.

Uingereza nitapita haraka: Get Carter ya 1971, Michael Caine yuko Newcastle akitafuta aliyemuua kaka yake. Baridi tupu, hakuna wa kumpenda. Nzuri, ila sirudii.

Japani ilinitoa jasho. Battles Without Honor and Humanity ya 1973 inaanzia Kure, mji wa mkoa wa Hiroshima, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kamera inatikisika, majina yanamiminika, na nakala niliyoipata ilikuwa na manukuu yanayokimbia kuliko macho yangu. Nilirudisha nyuma mara tatu kujua nani kamsaliti nani. Lakini kuna mtu anajikata kidole kuomba radhi, kwa heshima zote za kigenge, halafu kidole kinaruka, na wakubwa wazima wanainama uani kukitafuta kwenye kuku. Nilicheka peke yangu, nikajionea aibu, nikarudisha nyuma tena.

Kama una usiku mmoja tu, chukua ile ya Gabin. Ya Japani iache mpaka siku huna usingizi, na kalamu ya kuandika majina iwe karibu.